Pipa la Mama na Kisima cha Bondeni

Sisi tuliokulia Magamba miaka ya tisini, mtoto wa mkulima ulimtambua kwa harufu kabla hajaingia darasani. Mimi na kaka yangu tulinuka pipa. Mama alikuwa na pipa la mbolea ya maji kwenye bustani yake ya bondeni. Ndani yake alitumbukiza gunia la samadi ya ng'ombe lililofungwa jiwe lisielee, nasi tulikoroga kila asubuhi, pua tumebana, mpaka maji yawe kama chai iliyokolea. Kisha tuliyazimua na kunyweshea mchicha na nyanya. Wenzetu walituita "wazee wa pipa", lakini wakitoka shule walikuja wenyewe kula nyanya zetu kwa chumvi.

Samadi tulichota zizini kwa Mama Shija, jirani yetu Msukuma, nasi tulimpelekea mboga. Mchicha ule, dagaa wa Ikola na ugali wa moto! Jamani, mate yananitoka hata sasa.

Ila Mama alikosea jambo moja. Kwa kukwepa kubeba maji mbali, aliliweka pipa juu kidogo tu ya kisima tulichochotea maji mtaa mzima. Msimu mmoja mvua kubwa ikalifurisha, yote yakateremka kisimani. Haikupita wiki, maji yakaota utando wa kijani na vyura wakaelea matumbo juu. Tulisubiri matusi ya kina mama. Akaja Mama Shija peke yake, na kikombe cha maji yale.

"Mama Neema, mie sigombani na wewe. Kunywa tu."

Mama alikishika muda mrefu. Hakunywa. Machozi yalimlengalenga, nami niliumia kumwona vile.

Siku hiyohiyo tulianza kuhamishia pipa na bustani juu, mbali na bonde, kisha tukakikomba kisima mpaka maji yakarudi kuwa safi. Samadi Mama Shija hakutunyima. Ila sasa maji ya kumwagilia tuliyapandisha sisi, ndoo kichwani, shingo zimezama kama kobe. Tukinung'unika, Mama alisema, "Nyie mna mdomo wa kulalamika. Kisima hakina."

Juzi nilirudi. Mtoto wa kaka yangu analima nyanya bondeni palepale, muziki unalia kwenye simu mfukoni, bomba mgongoni, anapulizia mbolea ya maji ya dukani mpaka ukingoni mwa kisima. Maji ni ya kijani.

"Haya mtayanywaje?" nikamwuliza.

"Shangazi nawe! Siku hizi tunakunywa ya chupa."

Mama hayupo, na Mama Shija hayupo. Enzi zetu tulinuka, sikatai, lakini maji yakiharibika kuna mtu alikuja mlangoni kwako. Sasa kila mtu na chupa yake.

Nikachota kikombe, nikampa. Alikitazama, akacheka, akayamwaga kwenye nyanya.