Waya Chini ya Zulia

Mume wangu Elisante ana leseni ya redio ya mawasiliano, na kiburi kisicho na leseni.

Pikapu ni yangu mimi, Honorata. Nimeinunua kwa jasho la kuegesha magari ya wageni wa hoteli huku ughaibuni, Alexandria. Nilipomruhusu afunge redio yake ya wati mia, nilimpa sharti moja: asitoboe tundu hata moja. Basi akaichomeka kwenye soketi ya kuchajia simu. Akisikiliza, safi. Akibonyeza aongee, pwa! Fyuzi imeungua.

Nikamwambia soketi ile haiwezi mzigo huo.

"Mama Abigail, mambo ya umeme tuachieni wanaume."

Haya!

Kaka yake, Tito, yuko mbali, jimbo la Iowa, naye ana redio kama hiyo. Kila Jumapili anaita, anaita, hajibiwi. Wiki iliyopita akapiga simu: "Jumapili hii usipojibu, nauza redio yangu." Elisante hakula siku hiyo. Ndoto ya kuongea redioni walikuwa nayo wote wawili tangu wadogo, kule nyumbani Usa River.

Roho iliniuma, ila na mimi nina kichwa changu. Nikamuuliza Wayne, fundi umeme wa hotelini. Akanionyesha mpira unaoziba njia ya nyaya kati ya injini na ndani ya gari. Ukipitisha hapo hutoboi kitu. Waya mnene mwekundu kwenye betri, na fyuzi yake jirani. Mweusi kwenye bodi la gari, si kwenye betri, maana gari la kisasa linapima umeme wake pale betrini, na kompyuta itachanganyikiwa. Ijumaa nikafunga. Ncha nikaificha chini ya zulia la gari, nikasubiri aniombe mwenyewe.

Jumapili, baada ya ibada kanisani Takoma Park, waumini wamelizunguka gari. Tito anaita. Elisante akabonyeza. Pwa! Akaweka fyuzi nyingine. Pwa! Jasho linamtoka. Akanigeukia.

"Mama Abigail, nisaidie."

Nikafunua zulia, nikamuungia.

"Tito! Unanisikia?"

"Nakusikia kama uko jikoni kwangu!"

Elisante akafuta machozi kwa tai. Waumini wakapiga vigelegele.

"Fundi gani kakufungia?" Tito akauliza.

"Aa, nilihangaika mwenyewe kidogo..."

Nikaushika ule waya mwekundu, tayari kuuchomoa.

"Mke wangu!" akasema harakaharaka. "Kafunga mke wangu."

"Nilijua tu," Tito akacheka. "Hebu sogea huko, mpe shemeji niongee na fundi."