Ukurasa wa kuhifadhi faili, na daftari la vipimo la marehemu mke wangu

Tarehe kumi na mbili mwezi wa nne, siku ya Ijumaa, nilimpoteza mke wangu Zuhura. Presha. Asubuhi alikuwa anakata kitambaa, jioni majirani walikuwa wanafunga turubai nje.

Wakuu, nawasalimu. Mimi humu ni msomaji tu, sijawahi kufungua uzi. Huu sijautia chumvi, na sehemu kubwa yake inanisuta mwenyewe.

Nimekuwa fundi kompyuta Kariakoo kwa miaka ishirini na sita. Shule niliishia kidato cha nne, na cheti chenyewe si cha kumwonyesha mtu. Kazi nilijifunzia dukani kwa bosi wangu, Mhindi wa Upanga, mtu mwema.

Alikuwa akiniambia, "Wewe mikono yako inafikiri peke yake."

Nililichukua lile neno kama sifa.

Zuhura alikuwa fundi cherehani, pale pale nyumbani kwetu Magomeni. Vipimo vya wateja wake alikuwa anaviandika kwenye daftari. Mwaka mmoja mvua iliingia ndani, daftari likalowa, wino ukachuruzika. Ikabidi awapime watu upya mmoja mmoja, na wengine walikuwa wamenenepa, hawataki kupimwa.

Mimi nilicheka sana. Yeye hakucheka.

Ndipo akaniomba, "Baba Salma, nifundishe kuviweka kwenye kompyuta."

Nikakubali. Nilikaa naye mara nne au tano hivi, na kila mara ilikuwa vile vile. Anaanza, anazitafuta herufi kwa kidole kimoja, navumilia kidogo, halafu mkono wangu unaenda wenyewe kwenye mouse.

"Sogea nikufanyie."

Namfanyia. Nikimaliza namuuliza, umeona? Anasema nimeona.

Siku moja nilirudi nikamkuta kajaza wateja kumi na saba peke yake. Hata sijavua viatu, umeme ukakatika. Kompyuta ya mezani, haina betri. Vyote vikapotea, maana hakuwa amesevu.

Nikamwambia, "Si nilikuonyesha?"

Akanijibu taratibu, "Ulifanya. Hukunionyesha."

Nikaona ni maneno ya hasira tu. Akarudi kwenye daftari lake, hakuniomba tena. Na mimi, niseme ukweli, niliona afadhali.

Sasa nisogee mbele.

Baada ya arobaini nilikosa hamu ya duka. Macho nayo hayaoni tena vizuri kwenye saketi. Rafiki yangu mmoja tunayebadilishana spea akaniambia kuna timu ya open source, watu wa kujitolea, wanaandika maelekezo kwa Kiswahili ya programu ya kuandikia barua na majedwali. Kwa asiyejua, open source ni programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua ndani na kuirekebisha. Nikajiunga ili nipate cha kufanya.

Wakanipa ukurasa mdogo kabisa: jinsi ya kuanza jedwali jipya na kulihifadhi. Miaka yote ile ya kazi, halafu nipewe huo. Nikauandika kwa dakika ishirini nikautuma.

Anayekagua ni dada mmoja wa Mwanza, Neema, mdogo hata kwa binti yangu. Akanirudishia.

"Shikamoo baba. Kila neno ni sahihi. Ila umewaandikia mafundi wenzako, na wao hawauhitaji."

Nikamwitikia, nikamwambia anionyeshe kosa liko wapi. Akasema hawezi kuliona, kwa sababu na yeye anajua. Akanieleza utaratibu wao: tafuta mtu ambaye hajawahi kufanya kitu hicho, mpe ukurasa, ukae pembeni. Huruhusiwi kusema wala kugusa mouse. Akikwama, unaandika amekwama wapi, basi.

"Wengi wanashindwa kwenye mikono, baba. Ukiona inakuwasha, ikalie."

Nikamfikiria Asha, mdogo wake Zuhura, anayeuza vitenge upande wa Msimbazi. Hajawahi kugusa kompyuta. Akasema atakuja Jumapili mchana.

Nilihitaji vitu vya kujaza kwenye jedwali, nikaenda kwenye droo ya cherehani kutoa lile daftari. Sikuwa nimelifungua tangu msiba.

Ukurasa wa mwisho, kwa penseli, kulikuwa na mwandiko wake:

1. Washa. Ngoja mpaka itulie.
2. Bonyeza picha ya kijani mara mbili upesi, usipoe katikati.
3. Jina, bega, kifua, kiuno, unaelekea kulia.
4. Kuhifadhi. Hapa anabonyeza vitu viwili kwa mkono wa kushoto, haraka. Sijaona.

Chini yake, kwa kalamu ya wino: Bado sijaona.

Chini tena: Leo amechoka, nisimuulize.

Wakuu, nilikaa na lile daftari mpaka chai ikapoa. Halafu nikafungua ukurasa wangu, ule niliomtumia Neema. Hatua ya nne nilikuwa nimeandika maneno matatu: Hifadhi faili lako.

Pale pale.

Somo mmeshaliona, sitalirefusha. Kama nyumbani kuna mtu amekuomba umfundishe jambo, mwachie kiti, na ukae mbali na mouse. Kama yumo humu aliyepitia hili akiwa bado na mtu wake, aandike hapo chini alifanyaje. Nitasoma yote.

Namalizia na Jumapili.

Niliufuta ukurasa wangu, nikachukua hatua tatu za Zuhura kama zilivyo. Ya nne nikaiandika upya: kidole kidogo cha kushoto kwenye kitufe cha Ctrl, chini kabisa pembeni, usikiachie, kidole kingine kibonyeze S, achia vyote.

Asha akakaa. Mimi nikakaa nyuma yake kidogo, mikono chini ya mapaja.

"Shem, umekaa kama mtoto wa madrasa aliyechapwa."

Akasoma ya kwanza, akafanya. Akasoma ya pili akacheka.

"Usipoe katikati. Hii si yako. Huyu ni dada."

Akajaza mteja mmoja, polepole, nikauma meno. Akafika ya nne. Kidole kidogo, kidole kingine, akaachia. Kikatokea kidirisha cha kuuliza jina la faili. Mimi hicho nilikuwa nimekisahau.

"Kinataka jina. Jina gani?"

Nikazidi kuikalia mikono.

"Shem, jina gani?"

Akageuka akaniangalia, akairudia kibodi. Akaandika ZUHURA, herufi moja moja, akabonyeza, kidirisha kikajifunga.

Nikatoa mkono mmoja chini ya paja, nikaandika kwenye karatasi: hatua ya nne, amekwama kwenye jina.