Bendera ya Manjano ya Kombania ya Pili

Asubuhi ile sindano ya cherehani ilinikatikia mara mbili, na chai yangu ilikuwa imeshapoa. Chumba cha mafundi kilikuwa nyuma ya ghala la kambi, bonde la Ruwi, na joto la Maskati lilishaanza kuingia madirishani. Nilikuwa askari, lakini kazi yangu ilikuwa kushona. Ufundi nilijifunza kwa marehemu babangu, Unguja. Mimi na mamangu tulihamia Omani baada ya mapinduzi ya sitini na nne, na kitu nilichokuja nacho ni mikono tu.

Salim aliingia bila ya kubisha hodi. Yeye alikuwa mtu wa Al Amerat, nyuma ya milima, na ndiye aliyebeba bendera ya kombania yetu kwenye gwaride. Tulizungumza Kiarabu. Changu kilikuwa kibovu, na yeye akinisahihisha huku akicheka. Siku ile hakucheka.

"Nassor, tunakwenda Dhofari, vitani. Sisi sote wawili. Na bendera mpya wanaitaka kesho."

Sababu ya bendera ilikuwa hii. Bendera ya nchi wakati ule ilikuwa nyekundu tupu. Tuliokuwa tukipigana nao, watu wa nchi moja na sisi, nao pia walipandisha vitambaa vyekundu huko milimani. Rubani aliyetuletea maji na chakula hakuweza kupambanua kutoka juu. Basi ikaamriwa kila kombania iwe na rangi yake: ya kwanza kijani, ya pili manjano, ya tatu buluu. Sisi tulikuwa ya pili.

Nilishona mchana kutwa, roho juu juu. Pembe za upande wa mlingoti hutakiwa zitiwe turubai ndani, kisha zishonwe kwa mkono mara tatu, maana hapo ndipo upepo unapovuta. Mimi nilipitisha mashine mara moja tu. Nilijiambia nitamalizia hukohuko.

Sikumalizia.

Kituo chetu kilikuwa juu ya kilima, ukuta wa mawe tuliyoyapanga wenyewe. Ilikuwa msimu wa khariifu, mvua za rasharasha za huko kusini, ukungu mzito, nguo hazikauki. Sikuweza kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama nainama, nahisabu risasi zangu kisha naanza tena. Maji ya kunywa yakatuishia, chakula nacho kikatuishia. Ndege ilikuja mara mbili, tukaisikia ikizunguka juu ya ukungu, ikaondoka.

Siku ya tatu ukungu ukafunguka baada ya adhuhuri. Tukapandisha bendera.

Hapohapo adui wakaanza kutupiga risasi.

Upepo ulikuwa mkali. Nikaona pembe ya juu inafumuka, uzi mmoja, kisha wa pili. Bendera ikaanguka ikaning'inia kama kitambaa cha jikoni.

"Ndege hiyo!" sajenti akapiga kelele.

Salim alinitazama. Hakunilaumu.

"Nipe kamba," alisema.

"Ngoja, nakwenda mimi."

Nilisema hivyo. Lakini nilisema nikiwa nimekaa.

Nikampa kamba.

Alipanda juu ya ukuta, mgongo wake wote uko nje. Alifunga fundo. Akalivuta kulijaribu. Akafunga la pili.

Bendera ikasimama.

Ndege ikainamisha bawa, ikashusha mizigo karibu yetu.

Salim alikuwa anateremka. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Nilipomfikia, risasi ilikuwa imeshampata mgongoni, na pumzi hana.

Tulikunywa maji yale na yeye amelala pale, tumemfunika koti langu. Tulimzika kesho yake chini ya kilima.

Tuliporudi Maskati ilikuwa mwaka wa sabini. Mtawala alibadilika, na bendera ya nchi ikabadilika, ikatiwa nyeupe na kijani. Niliagizwa nishone mpya za kombania zote, na zile kuukuu zichomwe. Nikaomba ile ya manjano nikae nayo siku moja. Nikapanda Landrova ya watu hadi njia ilipokwisha, nikamalizia kwa miguu mpaka Al Amerat, kwa Bi Zuwena, mamake Salim.

Alinikaribisha kwa kahawa. Niliikunjua bendera mbele yake. Aliipapasa, kisha akanirudishia.

"Mimi nnayo nguo yake ya idi. Kitambaa hiki si chake, mwanangu. Hiki ni cha jeshi."

Nikamwambia yote: mshono wa haraka, pembe iliyofumuka, kwamba mimi nilikaa na yeye akapanda. Nilitaka anifukuze. Alizungusha kidole kwenye mdomo wa kikombe.

"Ungelipanda wewe," alisema, "mamako ndiye angelikuwa amekaa hapa nilipokaa."

Sikujua kama huo ulikuwa msamaha. Mpaka leo sijui.

Kisha akauliza, "Siku ile alikula?"

Hatukuwa tumetia kitu mdomoni tangu juzi yake.

"Alikula, mama. Tende na mkate. Tulikula sote."

"Alhamdulillahi," alisema, na mabega yake yakashuka.

Bendera niliirudisha kambini, ikachomwa pamoja na nyengine. Siku hizi nakaa Ansab, hukuhuku Maskati, kwa binti yangu. Wajukuu huniuliza habari za vita, na mimi huwasimulia rangi za bendera, kijani, manjano, buluu, wakaridhika. Siku ile nilisema kweli moja na uwongo mmoja katika nyumba ya mwanamke mmoja. Kweli haikumfaa kitu. Bi Zuwena alifariki miaka michache baadaye, akiamini mwanawe hakuondoka duniani na njaa.