Nilisema Ninajua Kipsigis

Siku ya kutetea pendekezo la utafiti wangu wa mwaka wa nne, mwalimu mmoja kwenye jopo aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia.

"Utahoji wazee vijijini. Unaongea Kipsigis?"

"Ndiyo," nikajibu. "Nimezaliwa hapa."

Hilo la pili lilikuwa kweli. Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai, si mbali na Kapsoit. Baba na mama walikuja kutoka Kisii kuchuma majani kabla sijazaliwa, na pale kambini sisi watoto wa kila kabila tulizungumza Kiswahili. Kipsigis, lugha ya wenyeji wa Kericho, nilikijua cha dukani na kanisani tu: salamu, bei, asante, njoo, ngoja. Lakini nilikuwa nimechoka kuulizwa "kwenu ni wapi?" na watu waliozaliwa hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Siku hiyo, mbele ya wale walimu watatu, nilitaka niwe mtu wa hapa. Mwalimu akaandika kitu, akafunga faili. Habari ya kunitafutia mkalimani haikutajwa.

Nilikuwa nasomea uuguzi. Utafiti wangu ulihusu wazee wanaopata shida kumeza chakula. Saratani ya koo inajulikana sana pande zetu za Kericho na Bomet, na wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Nilitaka kujua kama kuna wazee wanaoishi na dalili nyumbani bila kumwambia mtu. Mwenzangu mmoja darasani, Mkipsigis, alinitafsiria maswali yote. Nilifunga mlango wa chumba nikayasoma kwa sauti kubwa, tena na tena, mpaka nikawa nayasoma kama mtu anayesoma neno kanisani.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Kuuliza niliweza. Nilifika nyumbani kwa watu, kijiji kimoja upande wa Roret, nikawasalimu, "Chamgei," nikafungua fomu, nikasoma. Wazee walifurahi. Walinisifu jinsi ninavyotamka. Halafu wakajibu, na majibu hayakuwa mafupi kama visanduku vyangu vya ndiyo na hapana. Mzee alianza na ng'ombe, akaenda kwa marehemu ndugu yake, akaingia habari ya mvua, na mimi nilikaa na kalamu nikingoja neno ninalolijua. Nikisikia "achicha", ambalo ni hapana, naweka alama kwenye hapana. Nisipolisikia, naangalia uso. Wengi wa wazee wale wana nyuso zenye furaha, kwa hiyo fomu zangu zilijaa afya.

Kuna nyumba moja iliyokuwa chini kidogo ya kituo cha kupimia majani. Bibi wa pale, ambaye kila mtu alimwita kogo, yaani nyanya, alikuwa mwembamba, amefunga kitambaa cha kijani kichwani, amekaa kwenye kigoda mbele ya jikoni akichambua maharagwe. Mkaza mwanawe alikuwa shambani akichuma. Tulikuwa wawili tu. Nilisoma maswali, naye akajibu bila kuacha kuchambua. Nilipofika kwenye swali la kama chakula kinamkwama, alisema "achicha" haraka, kisha akaendelea kuongea. Aliongea kwa muda. Aliweka vidole viwili kooni, chini kabisa pale shingo inapokutana na kifua, akavishusha, akavipandisha, akaangalia jikoni kana kwamba kuna mtu anayesikiliza, halafu akacheka.

Nami nikacheka.

Nikaweka alama kwenye hapana, nikamshukuru, "kongoi," nikaenda nyumba iliyofuata. Kabla sijafika barabarani aliniita akanipa ndizi mbivu tatu. Nilizila njiani.

Ziliisha kama wiki sita. Msimamizi wangu, mwalimu mpole tuliyemwita Daktari tu, alikuwa na desturi yake: mwanafunzi akimaliza kukusanya data, anachagua nyumba chache anarudi naye kuhakikisha. Wenzangu walikuwa wamenionya, lakini nilidhani ataangalia sahihi na idadi. Daktari ni Mkipsigis wa Bomet. Hata hilo sikulipa uzito. Sijui nilifikiri nini. Labda nilifikiri kwamba kwa kuwa nimesema uongo mara moja na ukapita, umeshakuwa kweli.

Nyumba mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu ilikuwa ya kogo.

Safari hii mkaza mwana alikuwepo. Alitukaribisha, akatuletea mursik, maziwa ya mgando, kwenye vikombe. Kogo alinitambua, akanishika mikono yote miwili. Nilimwona amepungua, nguo imemning'inia mabegani, nikajiambia wazee ndivyo walivyo. Daktari akakaa karibu naye wakaanza kuongea kama mtu na mama yake. Mimi nilishika kikombe na kuitikia kwa kichwa kila Daktari alipoitikia.

Ghafla kogo akapeleka vidole vyake viwili palepale kooni.

Daktari akaacha kutabasamu. Akamwuliza kitu, akajibiwa. Akauliza tena, polepole. Mkaza mwana alikuwa amesimama mlangoni na birika, akaliweka chini.

"Fomu ya nyumba hii," Daktari akaniambia kwa Kiswahili. Nilimpa. Akaisoma mpaka lile swali. "Umeandika hana shida."

"Ndiyo, Daktari."

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza."

"Alikujibu nini?"

Nikasema alisema achicha.

"Na baada ya achicha?"

Daktari akanigeukia akaniuliza kitu kwa Kipsigis. Sentensi fupi, kama ya kumuuliza mtoto. Mpaka leo sijui aliniuliza nini. Niliangalia kikombe changu. Naye akangoja, nafikiri alikuwa ananipa nafasi. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Alikuambia kwamba hana shida kubwa, ila ugali umekataa kushuka tangu wakati wa kupanda. Anakunywa maziwa tu. Alikuambia anawapa kuku chakula chake kwa siri ili huyu binti hapa asije akadhani anadharau mapishi yake. Anasema wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia."

Mkaza mwana alijifunika mdomo kwa leso. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenitukana. Kogo hakuelewa tulichokuwa tukisema. Aliona tu kwamba mimi ndiye ninayekaripiwa, akanitetea kwa Kiswahili chake kidogo.

"Huyu ni mtoto musuri," akamwambia Daktari. "Mimi na yeye tulijeka sana."

Nililia nikiwa njiani kupanda mpaka kwenye gari. Daktari hakunibembeleza wala kunifokea. Aliniambia mambo mawili: kwamba yeye atampigia simu daktari anayemjua ili kogo aonwe wiki hiyohiyo, na kwamba nitarudi kila nyumba, zote, nikiwa na mhudumu wa afya wa kijiji wa kunitafsiria. "Na mlangoni," akasema, "usimwachie yeye akueleze. Sema mwenyewe kwa nini umerudi."

Nilirudi. Yule mhudumu, mama mnene mwenye viatu vya mpira, alisimama pembeni kila mara akiningoja nimalize. Nilisema, "Nilikuja hapa, mkanijibu, na sikuwaelewa." Wengine walinionea huruma, na huruma ilichoma. Mama mmoja alikataa kujibu mara ya pili. Alisema nimemfanya mjinga kwake mwenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa amenisimulia mambo kwa nusu saa nzima, nami nikiitikia kwa kichwa, alinitazama kwa mshangao.

"Sasa si ungesema?" akasema, kwa Kiswahili safi kuliko changu. "Mimi nimefanya kazi Kericho miaka mingi. Niliona unasoma Kipsigis, nikadhani unakitaka."

Fomu mpya hazikufanana na zile za kwanza. Wazee wengine wawili walikuwa na dalili, nao tukawaelekeza hospitali. Kogo alikuwa ameshapelekwa Bomet. Walimwona, wakapata uvimbe, na ulikuwa umeenda mbali mno kuondolewa. Walimwekea mpira kooni ili uji na maziwa yapite. Nilimuuliza Daktari kama zile wiki sita zingeleta tofauti. Alifikiri, akasema pengine hapana. Nilishukuru, halafu nikaona haya kwamba jambo la kwanza nililotafuta lilikuwa nafuu yangu.

Kwenye ripoti niliandika: "Data ilikusanywa upya ili kuinua ubora wake." Daktari akazungushia wino mwekundu, akaandika pembeni, "Kwa nini?" Nikaongeza, "kwa sababu ya changamoto za lugha." Aliniachia hapo. Siku ya kuwasilisha, jopo lilinisifu kwa uangalifu. Mmoja wao alisema ni wanafunzi wachache wanaokubali kurudia kazi. Daktari alikuwa amekaa mstari wa nyuma. Nilimwangalia, naye akaangalia dirishani kwenye majani ya chai. Nilisema asante, nikaketi. Nilipata alama nzuri.

Sasa nafanya kazi katika zahanati upande wa Bomet. Kipsigis changu kimekua, na pale kinaponiishia nasema kimeniishia, wagonjwa wamezoea. Lakini kuna jambo lililobaki.

Mwaka wangu wa kwanza kazini mkaza mwana alinipigia simu. Namba alipewa na yule mhudumu. Aliniambia kogo amepumzika, na kwamba karibu na mwisho alikuwa akiniulizia, yule msichana wa karatasi. Akasema mazishi ni Jumamosi, watafurahi nikifika.

Nikamwambia pole sana, mama. Nikamwambia Jumamosi niko zamu.

Sikuwa na zamu. Jumamosi hiyo niliamka mapema, nikafua nguo zote, hata zilizokuwa safi, nikazianika kwenye ua wa michongoma. Jua lilikuwa zuri. Kufikia saa nane zilikuwa zimekauka, nikazikunja moja moja na kuzirudisha kabatini.