Ulimi Ulikaa, Meno Niliyaacha

Mwaka 1978, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alikufa na shule ikaniishia darasa la pili. Mama akabaki na mimi na Edson, mtoto wa mgongoni. Tangu siku hiyo baba wa nyumba ni mimi. Nimefyeka majani kandokando ya reli kubwa, nimebeba mahindi kichwani hadi Isongole, nimevunja mawe mpaka kucha zikaisha. Hakuna aliyenipa kitu. Kwa hiyo ukisoma haya usiniletee pole zako. Kaa nazo!

Nimekosa. Nakubali mwenyewe, sijashikiwa fimbo.

Edson nilimsomesha mimi. Akatoka chuo cha ufundi anajua kuchomelea, anajua kukereza gia. Wakati huo nina shimo la mawe mlimani huku Mbebe, na mawe hayashuki. Gari halipandi, punda wanavunjika. Edson akaniambia, "Kaka, tulaze reli ya meno."

"Reli yenye meno? Inamuuma nani?"

"Inaumwa yenyewe."

Nikacheka, nikakubali. Reli ya kawaida mlimani inateleza kama sabuni. Basi katikati ya vyuma viwili unalaza cha tatu chenye meno, na chini ya toroli la injini kuna gia inayoyauma. Gia ndiyo inapandisha, gia hiyohiyo ndiyo inashikilia wakati wa kushuka. Ikikosa meno huna toroli tena, una jiwe linaloporomoka.

Karibu na kilele reli iligawanyika: kushoto shimo la mawe, kulia shamba langu la kahawa. Sasa hapo ndipo kwenye kisa. Kule reli kubwa, nilipokuwa kibarua, nilizoea kuona ulimi tu. Ule ulimi wa chuma uliochongoka unasogea, treni inageuka, basi. Reli ya meno haikubali hivyo. Gurudumu linatakiwa likatize pale chuma cha meno kilipolala, kwa hiyo kipande kizima cha meno nacho lazima kihame, kikaungane na njia inayotumika. Edson akaunga ulimi na kile kipande kwa fimbo ya chuma, bolti huku na bolti kule. Ukivuta mkono wa kubadilishia njia, vyote viwili vinakwenda pamoja.

"Ulimi ukikaa, meno yamekaa," akasema. "Kaka, hivi usije ukavitenganisha."

"Ulimi na meno vinagombana kila siku mdomoni mwangu, na ninakula," nikamjibu. Vibarua wakacheka. Yeye hakucheka.

Mvua ikaja, tope likajaa kwenye meno, mkono ukawa mzito. Siku moja akapanda mnunuzi wa mawe kutoka Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, kuona kazi. Nikavuta, mkono ukagoma. Nikavuta tena, nikateleza, nikakaa kwenye tope kama nguruwe.

"Bashikulu," akasema, ndivyo kwao wanavyomwita babu, "hii reli ni yako au ya mdogo wako?"

Edson akaja na koleo, akakwangua, akavuta kwa mkono mmoja. "Ni tope tu, kaka. Liwe linakwanguliwa kila asubuhi."

Mimi! Mimi nikwangue tope kwa amri ya mtoto niliyembeba mgongoni!

Kesho yake nilifika wa kwanza. Sikukwangua. Nilichukua spana, nikafungua bolti za ile fimbo, nikazitia mfukoni. Nikavuta ulimi upande wa mawe. Mwepesi kama mlango! Meno yakabaki yamelala upande wa kahawa, na mimi nikajisemea, reli ni reli, msomi anapenda kujiongezea kazi.

Sikumwambia.

Toroli lilikuwa limelala juu shimoni, limejaa mawe. Edson alipanda kwa njia ya miguu, akawasha injini, akapaza sauti: "Kaka! Meno yamekaa?"

"Ulimi umekaa! Shuka!"

Aliniuliza meno, nikamjibu ulimi. Lakini kwake yeye hilo ni jibu moja, alivifunga pamoja kwa mikono yake. Akashuka.

Gia ilipofika kwenye pengo ikalia kama mtu aliyeuma jiwe kwenye ugali. Halafu ikanyamaza. Ee Mungu, kule kunyamaza! Toroli likanipita, Edson ameng'ang'ania breki ya magurudumu, magurudumu yanateleza tu. Kwenye kona likaruka. Mawe yakamlalia mguu.

Sasa sikiliza vizuri, maana yote niliyosema mpaka hapa ni ujinga, na ujinga unasameheka. Sikumkimbilia. Nilipiga magoti pale njia panda, nikasukuma meno kwa mtaimbo, nikarudisha fimbo, nikakaza bolti. Ndugu yangu analia "kaka! kaka!" na mimi nakaza bolti! Ndipo nikashuka. Alikuwa amegeuza shingo, ananiangalia. Spana ilikuwa bado mkononi mwangu.

Watu walipofika nikawaambia, "Njia panda ni nzima, katazameni. Gia yake ndiyo mbovu, alikereza vibaya." Wakaenda wakatazama. Kweli, fimbo imekazwa. Edson alisikia. Akageuza uso upande wa pili.

Hospitali walikata mguu. Akahamia Itaka na mke wake, akafungua karakana ndogo ya kutengeneza mashine za kusaga. Nani amletee mashine? "Yule wa gia mbovu? Hata mguu wake umemkataa!" Nyie mliosema hivyo kilabuni nawajua. Mliumeza uongo wangu bila kutafuna, na pombe mkaagiza nyingine.

Tulipomzika mama, Edson alisimama upande wa pili wa kaburi na magongo yake. Alisalimia mpaka watoto wadogo. Mimi alinipita kama kisiki. Nikampelekea ng'ombe, dume la kweli. Likarudi na aliyelipeleka, na maneno haya: "Mwambie kaka sitaki ng'ombe. Nataka ulimi."

Basi, Edson, ulimi ndio huu. Gia yako haikuwa na kosa. Ni mimi niliyefungua bolti, na ni mimi niliyezirudisha kabla ya kuja kwako.

Na nyie wakubwa wa nyumba, mnaopiga vifua kwamba mmesomesha wadogo zenu, nisikilizeni! Kumlipia mtu shule si kuinunua akili yake. Akikuambia usitenganishe, usitenganishe. Na ukishaharibu, mkimbilie mtu kwanza. Acha spana!

Nilicho nacho leo: nyumba ya bati. Shamba la kahawa. Shimo la mawe lililoota majani. Ng'ombe, na lile dume. Reli ya meno isiyopita kitu, maana aliyejua kuitengeneza nilimfukuza kwa mdomo. Na gia ya Edson, nimeitundika ukutani sebuleni, haina jino hata moja lililolika. Mwenye mashine ya kusaga anayebisha, mlango uko wazi, aje aipapase.