Wimbo Mrefu wa Waswidi

Juzi mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu College Park, Marekani, alinionyesha kwenye simu bendi ya roki ya Waswidi, wazee wenye mvi ambao wanapiga pamoja tangu ujana wao. Wimbo ulipoanza, nilikitambua kinanda chake kabla hajanitajia jina lao.

Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa amelazwa hospitali ya misheni. Alasiri moja sista Mswidi, muuguzi wake, alinipeleka nyumbani kwake, kulikonukia kahawa na sabuni ya hospitali, akaweka santuri.

"Wimbo ukiisha, utamwona mama."

Nilizoea nyimbo za kanisani, beti chache kisha amina. Huu, kila nilipoinuka kwenda, ulianza upya.

"Sista, wamesahau mwisho wake?"

"Bado kidogo, mwanangu," alijibu, akitazama dirishani.

Ulipoisha, aligeuza santuri upande wa pili.

Sasa najua kwamba aliuchagua kwa urefu wake, kwa kuwa kule wodini walikuwa wanamwosha marehemu mama yangu. Namshukuru Mungu kwa alasiri ile, maana humo ndani mimi bado nilikuwa na mama.

"Bibi, huu mrefu mno. Niuruke?" mjukuu aliuliza.

"Hapana, baba. Uache uendelee."