Kipande Kimoja cha Diski, Seva Mbili

Nilikuwa mwaka wa nne kazini katika chama cha wafugaji karibu na Kapseret nilipopoteza rekodi za ng'ombe wa watu.

Sisi wa kompyuta tulikuwa wawili tu: mimi, na mwanamke aliyenizidi umri, mzaliwa wa Kakamega, ambaye nilimwita Madam. Tulikuwa na seva tatu, zote zikitumia kabati moja la diski. Ndani ya kila seva ziliendeshwa kompyuta pepe kadhaa, yaani kompyuta za programu tu, kila moja na kazi yake, na kila moja tuliikatia sehemu kwenye diski hizo. Seva ikiharibika, kazi zake zilihamia nyingine bila kubeba chochote, kwa kuwa data yote ilikuwa kabatini. Lakini seva yoyote ingeweza kukata sehemu mpya kwenye diski, kwa hivyo palikuwa na kufuli: programu ndogo ya kuhakikisha seva moja ikikata, nyingine zinangoja.

Mimi ndiye niliyeizima. Ilikwama kila stima ilipopotea, nikaona inanisumbua tu. Nilijiambia nitaiwasha wiki ijayo. Madam sikumwambia.

Jumanne moja asubuhi, yeye akiwa ofisini na mimi nyumbani Yamumbi kwenye laptopu, kila mmoja aliongeza nafasi ya diski kupitia seva tofauti, mmoja kwa rekodi za uzazi, mwingine kwa kamera za lango. Seva zote mbili ziliona kipande kilekile kiko wazi, zote zikakichukua. Kufikia saa sita, picha za kamera za lango zilikuwa zimeandikwa juu ya rekodi za uzazi: ng'ombe gani alipandishwa lini, kwa mbegu ya fahali gani, atazaa lini.

Nilipofika, Madam alikuwa ameketi, mikono mapajani.

"Ni mimi," akasema. "Lazima nilibonyeza kitu vibaya. Nimeshamwambia meneja."

Kwa dakika kama kumi nilijifanya nasoma skrini. Kisha nikamwona akipangusa miwani ambayo haikuwa chafu. Nikaenda kwa meneja.

"Si yeye, Mzee. Kufuli nilizima mimi."

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Yaani wawili walipewa ploti moja, na kila mtu anajua ni yake?"

"Ndiyo, Mzee."

Hakucheka. Huku kwetu ugomvi wa ardhi si jambo la mzaha. "Basi rudisha," akasema.

Jioni hiyo tuliwasha kufuli, Madam akiwa kwenye kibodi. Nakala yetu ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Yaliyotokea baadaye tulilazimika kuyatafuta kwa wenye ng'ombe, boma kwa boma. Mama mmoja alitutolea daftari la shule lililoshonwa kwa uzi, kila ng'ombe na jina lake na la mama yake.

"Nyinyi muko na kompyuta, na mimi niko na yangu," akasema. Nilisoma kwa sauti, Madam akaandika.

Siku ya tatu, tukingoja pikipiki kando ya barabara, Madam aliniuliza, "Mbona hukuniambia kuhusu kufuli? Ulidhani sitaelewa?"

"Nilidhani si kitu cha kukusumbua nacho."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," akasema, akageuka kutazama barabara.

Rekodi zilirudi, karibu zote. Hakuna aliyefutwa kazi. Tangu hapo sigusi mtambo wowote kabla ya kumwandikia ujumbe Madam, hata kama ni jambo dogo. Mara nyingi hajibu. Naona tu kwamba amesoma, nami naendelea na kazi.